Kidonge Kina Saa Yake, na Saa ya Mfanyakazi ni Jambo la Chama

Ndugu wafanyakazi wa viwanda na mashamba,

Yako mambo ambayo watu wengi hudhani ni ya daktari peke yake, na kwamba chama cha wafanyakazi hakina la kusema juu yake. Mojawapo ni dawa za virusi vya UKIMWI, au SIDA kama tunavyosema hapa Gisenyi na ng'ambo ya mpaka kule Goma. Utasikia mtu akisema, "Hiyo ni siri ya mgonjwa na muuguzi wake. Chama na kishughulikie mishahara."

Makala haya yanasema kinyume. Tunakubali kwamba ugonjwa wa mtu ni siri yake, na siri hiyo lazima ilindwe. Lakini dawa hizi hufanya kazi kwa kuzuia vyombo fulani ambavyo bila hivyo kirusi hakiwezi kuzaliana, na kizuizi hicho husimama kwa muda ule tu ambao dawa imo katika damu. Maana yake ni kwamba dawa ina saa yake. Na sisi sote tunajua kwamba saa za mfanyakazi, tangu king'ora cha asubuhi hadi zamu ya usiku, hazipangi yeye. Anazipanga mwajiri. Basi jambo linalotegemea saa zilizopangwa na mwajiri ni jambo la kujadiliwa mezani baina ya mwajiri na chama.

Ili tuelewane vizuri, tuanze na namna dawa inavyofanya kazi.

KARAKANA YA KIRUSI

Kirusi cha UKIMWI peke yake hakiwezi kitu. Hakina mtambo wala malighafi. Huingia ndani ya chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, kikazilazimisha kukifanyia kazi. Kwa kazi hiyo kinakuja na vyombo vitatu vidogo mno, ambavyo wataalamu huviita vimeng'enya.

Chombo cha kwanza ni cha kunakili kinyume. Mwili wetu una daftari kuu la maagizo, liitwalo DNA. Kutoka katika daftari hilo hunakiliwa karatasi za kazi ziitwazo RNA, na karatasi hizo ndizo zinazopelekwa kwenye mtambo. Kirusi hakina daftari, kina karatasi tu. Kimeng'enya chake cha kwanza huchukua karatasi ile na kuigeuza iwe ukurasa wa daftari. Chombo cha namna hii kiligunduliwa mwaka 1970 na Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja katika maabara yake huko Marekani, walipokuwa wakichunguza virusi vya wanyama. Mwaka 1975 walipewa Tuzo ya Nobeli. Hapo UKIMWI ulikuwa bado haujulikani. Wataalamu wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris walipokitafuta kirusi cha ugonjwa huu mwaka 1983, walikitambua kwa alama za kazi ya kimeng'enya hicho.

Chombo cha pili ni cha kupachika. Huchukua ukurasa ule wa bandia na kuubandika ndani ya daftari kuu la chembe. Tangu hapo chembe husoma ukurasa huo kama agizo la halali.

Chombo cha tatu ni cha kukata. Chembe iliyotekwa hutoa minyororo mirefu, na minyororo hiyo lazima ikatwe vipande vya kipimo, kama mbao zinavyokatwa katika kiwanda cha mbao. Isipokatwa, kirusi kipya hutoka kibichi, nacho hakiwezi kushambulia chembe nyingine.

Dawa zimetengenezwa ili kukwamisha vyombo hivyo. Dawa kama AZT, lamivudini na tenofovia ni pete za bandia. Kimeng'enya cha kunakili kinapounga mnyororo wake huokota pete hiyo kikidhani ni nzima, lakini pete ya bandia haina mahali pa kushikiza pete inayofuata, na mnyororo unakatika hapo hapo. Nevirapini hutumia njia nyingine: hukisonga chombo chenyewe mpaka kikashindwa kuzunguka, kama kipande cha mti kilichoingia katika meno ya gurudumu. Dolutegravia hukishika kimeng'enya cha kupachika pale pale panapofanya kazi. Na ziko dawa nyingine zinazoziba mdomo wa kimeng'enya cha kukata.

Sasa, ndugu, yako mambo mawili ya kukumbuka, kwa maana hoja yetu yote inasimama juu yake.

La kwanza: ukurasa ukishabandikwa katika daftari, dawa haziubandui. Baadhi ya chembe zilizotekwa hulala kimya kwa miaka mingi. Kwa sababu hiyo dawa haiondoi ugonjwa mwilini, bali inauzuia. Mtu akiacha dawa, kwa kawaida virusi hurudi kwa wingi katika muda wa wiki chache.

La pili: kimeng'enya cha kunakili ni karani mzembe. Hukosea mara kwa mara wala hakisahihishi makosa yake. Dawa ikiwa nyingi ya kutosha katika damu, uzembe huo haukisaidii kitu. Lakini dawa ikipungua bila kwisha, kati ya nakala hizo zenye makosa huweza kupatikana moja ambayo dawa haiikamati tena. Hiyo ndiyo inayozaliana, na dawa iliyokuwa ngao inakuwa maji. Ndiyo maana mgonjwa hupewa dawa tatu kwa pamoja badala ya moja, na ndiyo maana muuguzi anasisitiza saa.

HISTORIA YA DAWA NI HISTORIA YA SAA

Ukitaka kujua jinsi dawa hizi zilivyoendelea, tazama mkono wa saa.

Mwaka 1987 AZT ilikubaliwa nchini Marekani kuwa dawa ya kwanza ya kuzuia kirusi hiki. Ilikuwa imetengenezwa tangu mwaka 1964 na Jerome Horwitz kwa matumaini ya kutibu saratani, ikashindwa na kuwekwa kando. Wagonjwa wa kwanza walimeza AZT kila baada ya saa 4, mchana na usiku, na wengine walibeba kengele ndogo ya kuwaamsha. Na kwa kuwa ilikuwa dawa moja peke yake, yule karani mzembe aliishinda baada ya muda.

Mwishoni mwa mwaka 1995 na katika mwaka 1996 zilitoka dawa za kuzuia kimeng'enya cha kukata. Zikichanganywa na zile za kwanza, watu waliokuwa wakingoja kufa waliinuka vitandani. Lakini moja ya dawa hizo, indinavia, ilitakiwa kumezwa kila baada ya saa 8, tumbo likiwa tupu, na mgonjwa anywe maji mengi kutwa nzima. Nani katika sisi angeweza kuitumia vizuri akiwa shambani tangu alfajiri, au kwenye mstari wa chupa ambako hata kwenda haja unaomba ruhusa?

Baadaye dawa tatu zikaunganishwa katika kidonge kimoja cha kumeza asubuhi na jioni, kila baada ya saa 12. Leo kidonge kinachotumika zaidi kina tenofovia, lamivudini na dolutegravia, nacho humezwa mara moja kwa siku. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2019 kwamba dolutegravia iwe msingi wa tiba ya mwanzo. Aidha imepatikana kabotegravia, dawa nyingine ya kuzuia kimeng'enya cha kupachika, ambayo inaweza kutolewa kwa sindano kila baada ya miezi 2.

Kutoka saa 4 hadi saa 24 ni mwendo mrefu, na wataalamu wanastahili heshima kwa kazi hiyo. Lakini hata saa 24 bado ni saa. Kidonge cha siku kisipomezwa siku nyingi, ufundi wote huo unakuwa bure.

DAWA ILIVYOFIKA KANDO YA ZIWA KIVU

Wako wanaodhani kwamba dawa hizi zilitufikia kwa huruma ya matajiri. Historia haisemi hivyo.

Mwaka 2000 tiba ya dawa tatu iligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Mshahara wa mchumaji wa chai usingetosha. Mwezi wa Februari 2001 kampuni ya Cipla ya Uhindi, chini ya uongozi wa Yusuf Hamied, ilitangaza kwamba ingeliuzia shirika la Madaktari Wasio na Mipaka dawa hizo kwa dola 350 kwa mwaka. Ikawa wazi kwamba sehemu kubwa ya ile bei ya kwanza haikuwa gharama ya kuzitengeneza. Mwaka huo huo, katika Afrika Kusini, ilisikilizwa kesi ambayo makampuni 39 ya dawa yalikuwa yameishitaki serikali kwa sheria iliyotaka kurahisisha upatikanaji wa dawa za bei nafuu. Watu waliandamana, na shirikisho la vyama vya wafanyakazi, COSATU, lilikuwa pamoja na wagonjwa barabarani. Mwezi wa Aprili makampuni yale yaliiondoa kesi.

Hapa kwetu Gisenyi kuna kiwanda cha bia cha Bralirwa, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1957. Mwaka 2001 Heineken, yenye hisa nyingi katika kampuni hiyo, iliamua kuwapatia dawa wafanyakazi wake wa Afrika pamoja na wake, waume na watoto wao, na Rwanda ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo katika mpango huo. Jambo hilo lilikuwa jema na tunalisema wazi. Lilionyesha kwamba tiba hii inaweza kutolewa mahali pa kazi katika Afrika, wakati ambapo wakubwa wengi wa dunia walikuwa bado wanabisha. Lakini mpango wa kampuni, hata ukiwa mzuri namna gani, huwahudumia walio katika daftari la kampuni. Kibarua wa siku na mchumaji wa majani ya chai walilazimika kungoja mpango wa taifa.

Upande wa kusini wa ziwa letu, mjini Bukavu, kulikuwa na mfano mwingine. Kiwanda cha Pharmakina, kilichojulikana kwa kwinini itokanayo na magome ya mikwinini ya mashamba yake, kilianza mwaka 2005 kutengeneza kidonge chenye dawa tatu za kuzuia kimeng'enya cha kunakili, kwa msaada wa Wajerumani. Hebu tufikirie jambo hilo: kiwanda chenye mashamba, katika nchi iliyochoshwa na vita, kikatoa dawa ambayo miaka michache nyuma ilikuwa ya matajiri wa Ulaya na Marekani. Kiliweza kwa sababu makubaliano ya biashara ya mwaka 2001 huko Doha yaliziruhusu nchi maskini kabisa kutofungwa na hataza za dawa. Ruhusa hiyo imeongezwa hadi mwanzoni mwa mwaka 2033, nayo inaihusu Rwanda pia.

Kisha ikaja zamu ya Rwanda yenyewe. Mwezi wa Julai 2007 serikali ililiarifu Shirika la Biashara Duniani kwamba inataka kuagiza pakiti 260,000 za kidonge chenye AZT, lamivudini na nevirapini kutoka kiwanda cha Apotex cha Kanada. Rwanda ikawa nchi ya kwanza ulimwenguni kuutumia utaratibu uliokubaliwa mwaka 2003, unaoruhusu nchi isiyo na viwanda vya dawa kununua nakala za bei nafuu kutoka nchi nyingine bila ridhaa ya wenye hataza. Kila pakiti ilikuwa na vidonge 60, yaani dawa ya mwezi mmoja. Shehena ya kwanza iliondoka Kanada mwezi wa Septemba 2008. Kati ya barua na shehena ilipita zaidi ya mwaka mzima, na kiwanda chenyewe kililalamika kwamba utaratibu ule ni mrefu na mgumu mno. Mwaka mzima wa karatasi, ndugu, kwa mgonjwa ambaye saa yake haingoji.

Tunayasimulia haya ili tuone kwamba hakuna hatua iliyokuja bila watu kudai. Wataalamu walipata njia ya kukwamisha kimeng'enya. Kuifikisha njia hiyo Gisenyi kulihitaji mabishano, barua, maandamano na mikataba. Leo mgonjwa hupewa kidonge bila kulipa katika kituo cha afya, na bei yake duniani imeshuka hata ikafika chini ya dola 45 kwa mwaka katika mwaka 2023. Hata wanaokitengeneza ni watu kama sisi: mwaka 2025 kiwanda cha Universal kilichoko Kikuyu, nchini Kenya, kilitoa vidonge vilivyonunuliwa na Mfuko wa Dunia kwa ajili ya wagonjwa wa Msumbiji.

Imebaki hatua moja fupi, ya kutoka kituo cha afya hadi mdomoni mwa mfanyakazi, kila siku. Hatua hiyo ndiyo yetu.

ZAMU, LANGO NA KILO

Uchunguzi uliofanywa nchini Rwanda mwaka 2018 na 2019 ulionyesha kwamba karibu watu 3 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 64 walikuwa na virusi. Kati ya hao, 84 katika kila 100 walijua hali yao. Katika waliojua, 98 katika kila 100 walikuwa wakitumia dawa. Nchi chache zimefika hapo. Lakini kati ya waliokuwa wakitumia dawa, 10 katika kila 100 virusi vyao havikuwa vimezuiwa. Watu hao walipimwa, wakakubali, wakachukua dawa, na bado kizuizi hakikusimama.

Ni rahisi kusema kwamba ni wazembe. Wako wazembe, hatukatai. Lakini kabla ya kumhukumu mwenzetu, tutazame mazingira ya kazi yake.

Mchumaji wa chai hulipwa kwa kilo. Siku ya kliniki hana kilo, na asiye na kilo hana posho. Akienda mara moja, kapita atanyamaza. Akienda mara ya pili, ataulizwa mbele ya wenzake, "Unaumwa nini kila mara?" Mara ya tatu ataamua kutokwenda.

Mfanyakazi wa kiwandani hubadilishiwa zamu. Wiki hii huingia asubuhi, wiki ijayo huingia usiku. Aliambiwa ameze dawa wakati wa kulala. Sasa analala saa 2 asubuhi, na wiki ijayo atalala saa 4 usiku. Kidonge kinarushwa huku na huku kama mpira, mara hupita saa 36 bila dawa.

Langoni mlinzi hupekua mifuko. Haki yake, analinda mali. Lakini akitoa kikopo cha vidonge na kukishika juu, watu wote walio nyuma kwenye foleni wamekwisha kujua. Kesho yake mwenye kikopo atakiacha nyumbani, hata kama zamu yake itapita saa ya dawa.

Tena wako wanaolala Goma na kufanya kazi huku, au kinyume chake. Mpaka ukifungwa, kama ulivyofungwa mwaka 2020 kwa ajili ya korona, mtu hubaki upande mmoja na dawa yake upande wa pili.

Katika mambo yote hayo manne, hakuna hata moja ambalo daktari anaweza kulitibu. Yote hutibiwa kwa kanuni za kazi.

MADAI YETU

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba mambo yafuatayo yaingizwe katika kila mkataba wa hali bora za kazi, kiwandani na shambani.

Kwanza, saa za afya zenye malipo kwa kila mfanyakazi, akiwamo kibarua. Mfanyakazi alete karatasi ya kituo cha afya yenye tarehe na mhuri tu, bila jina la ugonjwa. Anayelipwa kwa kilo alipwe wastani wa kilo zake za wiki iliyopita. Tunasema "saa za afya" kwa makusudi. Zikiitwa saa za UKIMWI, hakuna atakayezitumia. Zikiwa za wote, yaani za mama mjamzito, mwenye shinikizo la damu, mwenye sukari na mwenye mtoto wa chanjo, hakuna atakayejulikana kwa kuzitumia. Hivyo chama kinaweza kumtetea mwenye virusi bila kumwuliza mtu yeyote kama anavyo.

Pili, asipimwe mtu virusi kwa lazima ili aajiriwe, apandishwe cheo au aongezewe mkataba, wala asifukuzwe kwa sababu hiyo. Pendekezo Namba 200 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2010, linasema hivyo waziwazi.

Tatu, dawa za mtu ziwe siri yake langoni na ndani ya kiwanda. Mlinzi apekue, lakini vidonge asivitoe wala asiulizie. Pawe na kabati lenye kufuli kwa kila mfanyakazi. Muuguzi wa kampuni asipeleke habari za mgonjwa kwa meneja.

Nne, maji safi ya kunywa na dakika 5 za kupumzika katika kila zamu, shambani pia. Ni aibu kulidai jambo hili katika miaka hii, lakini yako mashamba ambayo bado yanalihitaji.

Tano, orodha ya zamu itolewe mapema, na anayehamishiwa shamba la mbali apewe nafasi ya kuchukua dawa yake na barua ya kuhamia kituo kingine.

Mwajiri atasema kwamba haya yanamgharimu. Na afanye hesabu. Mgonjwa aliyetulia hupewa dawa ya miezi kadhaa kwa mara moja, kwa hiyo tunazungumzia nusu siku chache katika mwaka. Ugonjwa ukimlaza mwendesha mtambo wa mvuke, ni wiki ngapi zitapotea? Na mwingine wa kushika nafasi yake atafundishwa kwa siku ngapi? Tuliona kwamba tangu mwaka 2001 kampuni kubwa ya bia iliifanya hesabu hiyo dawa zikiwa ghali mno. Leo dawa hailipiwi na mwajiri. Anachoombwa ni saa tu.

NENO KWA WANACHAMA

Chama kikidai haki, mwanachama naye ana wajibu wake. Aliye katika dawa achague saa moja isiyobadilika, ambayo katika zamu zote yu macho. Saa ya kupokezana zamu hufaa sana, maana wakati huo ama unaingia kazini ama unatoka. Ukisahau, meza mara ukumbukapo, lakini usimeze viwili pamoja ili kufidia. Mwambie muuguzi dawa nyingine zote unazotumia, hata mitishamba. Dawa za kiungulia na vidonge vya madini ya chuma au chokaa vikimezwa ovyo hupunguza nguvu ya dolutegravia. Mwenye kifua kikuu anayetumia rifampisini huongezewa kipimo cha dolutegravia, lakini hilo ni la kuamuliwa na mtaalamu, si na jirani.

Asiyejua hali yake na akapime. Kupima siku hizi si kupokea hukumu ya kifo. Mtu anayemeza dawa kila siku mpaka virusi visionekane katika kipimo cha damu hamwambukizi mwenzi wake kwa tendo la ndoa. Mama anayetumia dawa vizuri hupunguza sana hatari ya kumwambukiza mtoto. Hayo ni matunda ya kile kizuizi tulichokieleza, kikisimama bila kukatika.

Na sisi sote tuache vidole na minong'ono. Anayemcheka mwenzake kwa kikopo cha vidonge anamfanyia kirusi kazi, kwa kuwa aibu humfanya mtu aache dawa, na dawa iliyoachwa nusu nusu huzaa kirusi sugu ambacho kesho kitamfikia yule anayecheka.

Mwisho, tusijisahau. Mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, nchi nyingi za Afrika ziliona katika siku chache jinsi dawa inayotegemea mfuko wa mtu mwingine inavyoweza kutikisika. Hatuna budi kutaka serikali zetu zinunue dawa kwa fedha zao kadiri ziwezavyo, na viwanda vya Afrika Mashariki vipewe nafasi ya kuzitengeneza. Madai hayo ni makubwa na yatachukua miaka. Lakini saa za afya, maji ya kunywa na siri ya langoni havihitaji msaada wa nchi yoyote. Vinahitaji wafanyakazi wa kiwanda kimoja au shamba moja wakae pamoja, wakubaliane, wamtume mjumbe wao na wasimame nyuma yake.

Katika mkutano ujao wa tawi lako, ndugu, simama uulize: saa za afya ziko wapi katika mkataba wetu?